Honi Mbili kwa Mlango wa Nyuma

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakuacha ulale na masikio hayajazidi kugoma. Mimi mzima, nakula, nalala, kabla hujauliza mara tatu kama kawaida yako. Jumapili nilikupigia simu, ukanijibu "Hatununui!" ukakata. Basi nimerudi kwenye kalamu. Barua hii nampa dereva wa lori la unga anayepita huko kwenu. Ya kwako mlinzi wa getini alinipa huku anacheka mpaka kofia ikamdondoka, kwa sababu juu ya bahasha uliandika "Kwa Kijiko, Ghalani". Nimembembeleza asimwambie mtu.

Nina habari. Nimepewa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, na si foklifti yoyote. Ni Beberu, lile la baba. Kiti wamebadilisha, rangi wamepaka, lakini injini ni ileile. Zamani lilikula petroli, siku hizi limefungiwa mtungi wa gesi mgongoni. Tunayo pia foklifti mpya ya betri. Wapakiaji wanaiita Bi Harusi, maana ni safi, iko kimya na haikanyagi tope. Inafanya kazi vizuri kwenye sakafu laini, kisha inachomekwa ukutani kwa saa nyingi kama mgonjwa wa dripu. Beberu halina madeko hayo. Mtungi ukiisha nabadilisha, na kabla chai haijapoa tumerudi kazini. Mvua, kokoto, ule mteremko wa uwanjani, linapanda kote na mzigo mbele. Najua hukutaka niingie kazi hii. Lakini nikishika usukani nawaza kwamba mkono wake ulikuwa hapahapa, na moyo unatulia.

Walinifundisha na desturi yao. Ukifika mwisho wa ghala, karibu na mlango wa nyuma, unapiga honi mbili. Ndio mlango aliopitishwa baba akitolewa nje, siku walipomkuta ameinamia usukani, injini bado inanguruma na yeye ameshaondoka. Tangu siku hiyo haujafunguliwa. Wamepanga paleti tupu, zile za mbao za kubebea magunia, mbele yake, na kila mgeni wa kazi anaambiwa: huu hauguswi, ni wa mwenzetu. Nikipiga honi zangu mbili nauma meno nisilie mbele ya watu.

Jambo moja, usinicheke. Juzi nilipomaliza kupiga honi, mtu aliniita kwa nyuma. Nikageuka, hapakuwa na mtu. Labda ni uchovu, kichwa nacho kilikuwa kinauma.

Mwanao,
Kijiko


15 Machi

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Magoti yananikumbusha kila asubuhi kwamba hatujapatana, lakini nakwenda. Umekonda? Haya, nimeuliza mara moja tu, ukawasimulie wenzako.

Beberu! Nilipofika hapo niliweka barua chini, nikaenda kumwagilia maua ambayo mvua ilikuwa imeshayamwagilia. Wewe unalijua hilo dude kwa majuma machache, mimi nilishona magunia karibu nalo mpaka nikapata mvi. Nguvu zake sizikatai. Nimeliona likinyanyua mzigo uliowashinda wanaume wenye vifua na maneno mengi, na siku umeme ukikatika ghala zima lilikuwa linalitegemea lenyewe. Lakini masikio yangu yalibaki humo ndani, mwanangu. Na petroli yake ilikuwa inaingia mpaka kwenye uzi: nikitia uzi mdomoni kuuchonga, nalamba Beberu. Huyo Bi Harusi unayemcheka hajamfanya mtu kiziwi.

Kuhusu kuitwa, siwezi kukucheka. Baada ya baba yako kufa, wengi walisema wamemsikia, hasa msimu wa mvua. Mara mfagiaji, mara mpakiaji. Mimi, dada yake wa tumbo moja, sikumsikia hata siku moja, maana walikuwa wamenihamishia kushonea barazani. Nilikuwa narudi ndani jioni milango ikiwa wazi, najifanya nimesahau sindano, nasimama hapo kama mjinga. Nikawaonea wivu watu ambao hawakujua hata kwamba alikuwa anaogopa kuku.

Kwa hiyo ukimsikia tena, sikiliza vizuri. Halafu uniambie anasema nini.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Uko salama? Mvua imetukalia kichwani huku. Mlango wa mbele tunaufunga ili unga usilowe, na yale matundu ya juu ukutani msimamizi ameyapigilia mabati kwa sababu ndege walikuwa wanachafua magunia. Ghala limekuwa kama sanduku. Kutwa nazunguka humo ndani na Beberu, kwa kuwa magunia yanapangwa mpaka safu ya tatu, na mikono ya Bi Harusi haifiki huko.

Shangazi, ni yeye. Si uchovu. Anakuja mchana, kazi ikiwa imepamba moto, na ananiita Kijiko. Kijiko, hivyo tu, polepole, kama mtu anayeamsha mtoto bila kutaka kumshtua. Nikigeuka hayupo, nikiangalia mbele naye yuko nyuma ya bega langu. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo. Nilikuwa na miaka mitatu alipokufa, sura yake naijua kwa picha moja iliyokunjika puani. Sasa nakwenda kazini nikikimbia.

Na si mimi peke yangu. Mama anayeshona magunia siku hizi alimwona mtu wa suruali ya kaki amekaa juu ya unga, anatikisa miguu. Mpakiaji wetu mkubwa, tunamwita Jitu, alilegea magoti akaanguka chini kama kitambaa. Walimburuta nje, akatapika, akapata nafuu palepale mvuani. Wenzangu wanasema marehemu amekasirika, watafute mtu wa kumwombea atulie. Mimi nawaambia hajakasirika. Amefurahi kwamba nimekuja.

Kichwa tu ndicho kinachonisumbua. Kinabana kuzunguka paji la uso kama nimevaa kofia ya mtoto. Msimamizi alitaka kunihamishia kwa Bi Harusi, Beberu libaki kule uwanjani. Nikakataa katakata, nikamwambia tutachelewesha unga. Wewe nitakwambia kweli: sikuwa nawaza unga. Kwa Bi Harusi baba haji.

Mwanao,
Kijiko


9 Aprili

Mwanangu,

Leo salamu zitanisamehe.

Kofia ya mtoto. Umeyatoa wapi maneno hayo? Mwezi aliokufa, baba yako alikuwa akirudi kazini anakaa mlangoni na kushika kichwa. "Dada, nimevaa kofia ya mtoto na haivuliki." Tulimcheka. Kisha akaniambia kwamba humo ghalani anamsikia mama yetu akimwita, na mama yetu alikuwa kaburini tangu sisi wadogo. Hapo hatukucheka tena. Tuliogopa, tukasema anaitwa, tukanyamaza. Ilikuwa mvua, milango imefungwa, na Beberu linazunguka ndani kutwa.

Unamkumbuka mpangaji wa chumba cha pili, aliyelala na jiko la mkaa ndani siku za baridi? Tulipouvunja mlango wake tulimkuta anamkaribisha kiti marehemu mumewe. Tukamtoa barazani, akapata hewa, mume akaondoka. Nesi alitwambia ile sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa. Leo asubuhi nimekwenda kwa nesi yuleyule nikamsomea barua yako. Hakuniacha nimalize. Alisema injini ndani ya ghala lililofungwa ni jiko kubwa tu. Nikamwambia siku hizi linatumia gesi, halitoi moshi. Akasema ndiyo maana hakuna anayekimbia.

Nijibu kitu kimoja. Jumapili ukiwa chumbani kwako, kofia inavulika? Na Jitu alipata nafuu wapi, si mvuani?

Kijiko, fungueni mlango wa nyuma. Ng'oeni hayo mabati, ndege wachafue wanavyotaka. Beberu litoke likafanye kazi uwanjani, huko ndiko kwake na huko hakuna wa kulishinda. Ndani aingie Bi Harusi, hata kama atapanga safu mbili na kupumzika. Ule mlango tuliufunga kwa heshima, nami nilikuwepo, nililia nikiutazama unafungwa. Heshima hiyo sasa inawanyima pumzi.

Hakuna mtu humo, mwanangu. Natamani angekuwepo kuliko unavyojua.

Shangazi yako


17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo.

Jumapili kofia inavulika. Na Jumapili baba hayupo. Umefurahi?

Nilimwuliza msimamizi, akasema gesi ni ileile ya kupikia na inaungua safi. Nilimwambia na Jitu, akasema labda, lakini mlango ule hataugusa yeye. Hakuna atakayeugusa. Na mimi sitawaambia wauguse.

Wewe ulikula naye sahani moja. Uliogopeshwa naye, ulichapwa kwa makosa yake, unajua alivyokuwa akikohoa. Mimi nina picha yenye mkunjo. Nimepata kitu changu kimoja, tena kwa shida, unanitumia nesi na jiko la mkaa. Kama ni sumu tu, sumu imelijulia wapi jina langu? Mlinzi wa getini hajawahi kulitamka ndani. Wenzangu wananiita Dereva. Anayeniita Kijiko humo ndani ni mtu aliyenijua.

Nijibu hilo.

Mwanao


23 Aprili

Mwanangu,

Hasira zako nimezipokea, ziko mahali pake. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana, kwa sababu nakwenda kukunyang'anya kitu, na sina cha kukupa badala yake.

Baba yako hakuwahi kukuita Kijiko. Hakulijua jina hilo.

Baada ya mazishi ulikataa kula. Ukilishwa unafunga mdomo, unatazama mlango. Siku ya tatu nilikosa akili, nikakupa kijiko ukishike mwenyewe nikaondoka kwenda kulia jikoni. Niliporudi ulikuwa umemaliza bakuli. Tangu hapo hukukiacha. Ulilala nacho, ulioga nacho, ulikwenda nacho kliniki ukampiga nacho daktari. Nikakuita Kijiko. Ni mimi. Kila asubuhi ya shule nilisimama mlangoni pa chumba chako nikasema, "Kijiko, amka, utachelewa," na wewe unajifanya umekufa.

Yeye alikuwa ameshazikwa jina hilo lilipozaliwa. Anayekuita humo ndani si yeye, Kijiko. Ni kichwa chako kinachokosa hewa, kinaokota kilicho karibu.

Nisamehe. Ningeweza kukuachia, kama kisingekuwa kinakuua.

Toka kwenye hilo ghala.

Shangazi yako


6 Mei

Kijiko mwanangu,

Dereva wa lori amepita mara mbili mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema hakukuona getini. Jana alisema hakuruhusiwa kuingia, kwamba kuna tatizo, na kwamba yeye hajui zaidi ya hapo. Alikuwa hanitazami usoni.

Nimempigia msimamizi kwa simu ya jirani. Sikusikia kitu, ni nyuki tu ndani ya chupa. Jirani aliposhika yeye, simu ilikuwa imekatwa.

Hata kama umenikasirikia, niandikie neno moja. Andika tusi ukitaka. Begi langu liko mlangoni, nangojea mwenye nyumba anibadilishie noti za nauli. Hapana, siyo noti. Naogopa kufika. Hiyo ndiyo kweli.

Shangazi yako


10 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua utaruka mistari kulitafuta. Niko hospitali, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Mwandiko ni mbaya kwa kuwa mkono wa kulia bado unatetemeka, na daktari anasema utapona polepole.

Barua yako ya kijiko ilinifikia. Sikumwambia mtu neno, na sikutoka ghalani kama ulivyotaka. Niliingoja siku ya mvua kubwa. Wenzangu walipokwenda barazani kula, mimi nilibaki. Nikalipeleka Beberu mpaka mbele ya zile paleti, nikapiga honi mbili, nikaacha injini inanguruma. Nilitaka kumwuliza mwenyewe.

Kofia ilikuja kwanza. Kisha taa zikawa na ukungu, na nikajua yuko nyuma ya bega langu. Nikasema, "Kama ni wewe, niite jina ulilonipa wewe." Nikarudia. Nikalia, nikamwomba, niite hata mara moja.

Akasema, Kijiko.

Ndipo nikafanya ulivyoniambia tangu mwanzo. Nikasikiliza vizuri. Shangazi, ilikuwa sauti ya mwanamke. Yenye kukwaruza kidogo, na kikohozi kifupi kabla ya jina. Sijui nilikuwa naisikia vipi siku zote nikadhani ni ya mwanamume, labda kwa sababu ndivyo nilivyotaka. Ikasema, "Kijiko, amka, utachelewa."

Nilikuwa nimelala juu ya usukani na sikujua. Nilitaka kushuka, miguu ikawa haipo. Mlango wa mbele ulikuwa mbali kama mji mwingine. Mbele yangu kulikuwa na paleti na ule mlango tu. Mguu mmoja ukatii kidogo, nikaukandamiza kwenye pedali ya mwendo. Beberu likaruka. Unajua nguvu zake. Lilipita kwenye paleti kama hazipo, likautoa mlango na bawaba zake, likatokea nje kwenye mvua na mlango mzima umelalia meno yake ya kunyanyulia mzigo. Likazimikia kokotoni. Jitu ndiye aliyenishusha. Anasema aliponiona nimeinamia usukani alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, kwa sababu yeye alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza kazini siku ile ya baba.

Mabati wameyang'oa. Pale penye mlango wametundika turubai, linapepea kutwa, na mshonaji analalamika baridi inamwingia mifupani. Ndani anafanya kazi Bi Harusi, ana betri ya pili sasa na bado anadeka. Beberu liko uwanjani. Kabla ya hapo ghala lilisimama zaidi ya juma kwa ukaguzi, ndiyo maana dereva wako hakuingia. Jitu alikuja kunitazama, nikamwuliza kama kuna aliyemsikia mwenzetu tangu siku hiyo. Akatazama viatu vyake, akasema hakuna. Akasema wapakiaji wawili walilia.

Na mimi nimelia. Siku zote nilikuwa nakimbilia kazini kumsikia baba, kumbe ni wewe uliyekuwa unaniita nitoke.

Nakuomba kitu kimoja, kisha sitauliza tena. Yeye aliniitaje?

Mwanao,
Kijiko


16 Mei

Mwanangu,

Umeniamkia, nami marahaba, marahaba mara elfu. Jirani ndiye aliyenisomea, kwa kuwa herufi zilikuwa zinaogelea machoni. Alipofika kwenye "mimi ni mzima" nilimwambia arudie hapo tu, mpaka akachoka.

Nakuja. Begi limeshafungwa, safari hii siogopi kufika. Waambie hao manesi nitakuuliza kama umekula, na nitauliza mara tatu.

Ulichouliza. Baba yako hakukupa jina la utani. Alisema jina amelichagua mwenyewe, amelitafuta miezi tisa, sasa alikate kwa nini? Alikuita jina lako lote mpaka herufi ya mwisho, hata ulipokuwa wa miezi miwili unalilia ziwa, kwa sauti nzito, kama anayekutambulisha kwa mgeni wa heshima. Tulicheka sana. Alikuwa akirudi kutoka kwenye Beberu, masikio yamejaa kelele, analisema jina hilo tangu uani ili ujue anakuja, na wewe unatambaa kumfuata.

Alipokufa, hapa nyumbani hakuna aliyeweza kulitamka. Walimu walilisoma kwenye daftari lao, hawakujua ni la nani. Sisi tulilifungia, kama wao walivyoufunga ule mlango. Ndipo nikakutafutia la kijiko.

Mlinzi wa getini atakayekuletea barua hii hospitali hatacheka safari hii. Tazama juu ya bahasha. Nimeliandika lote, kwa herufi kubwa, jinsi alivyokuwa akilisema. Toka nje, penye hewa, ulisome kwa sauti.

Shangazi yako